Stika Yangu Nyekundu na Diski ya Kapsokwony

Nyinyi vijana mnaofungua kompyuta siku hizi mna bahati moja na ugonjwa mmoja. Bahati ni kwamba kila jibu liko kwenye simu. Ugonjwa ni huohuo. Kompyuta ikikataa kuona diski mpya, mnaitazama simu kabla hamjaitazama diski. Nimewaona kwa macho yangu. Jamaa fulani kwenye video anaongea haraka, nanyi mnaitikia kwa kichwa kama wazee wa kanisa, huku mashine ya mtu iko wazi mezani inaingia vumbi.

Mimi ni Simiyu. Nilianza na taipureta pale Bungoma mjini, nikahamia kompyuta Kitale, na sasa nimestaafu, niko nyumbani Misikhu nafuga kuku ambao hawana waya wala diski. Siwaandikii kwa sababu ninawapenda sana. Kuna kosa moja nimelifanya mwaka huu nikiwa tayari nimestaafu, na nikilinyamazia mtalifanya nyinyi, kisha mtasema mlifundishwa na Simiyu.

Aliyenifundisha mimi ni Mzee Wanyonyi, fundi wa taipureta aliyekuwa na kibanda karibu na soko la Bungoma. Alikuwa na sharti moja ambalo mimi kijana niliona ni uvivu wa mzee. Mashine ikifika, haigusi. Anaiweka mezani, anamimina chai ya rangi kwenye kikombe cha bati, anakunywa polepole akiitazama. Nikinyoosha mkono kuchukua bisibisi ananipiga kofi dogo la kidole.

"Kunywa chai yako, Simiyu. Ukimariza chai ndio ushike bisibisi."

Siku moja karani wa ofisi fulani alileta taipureta iliyokwama, akaapa kwamba imevunjika ndani. Mimi nilikuwa tayari nimeifungua kichwani mwangu hadi skrubu ya mwisho. Wanyonyi akanywa chai. Alipofika nusu ya kikombe akaweka vidole viwili katikati ya vile vyuma vya herufi akachomoa mwiba wa omena, wale dagaa wetu. Yule karani alikuwa akila chakula cha mchana juu ya mashine ya serikali. Aliondoka bila kuaga, na nadhani alibadilisha njia ya kwenda kazini.

Basi nikajifunza. Au nilidhani nimejifunza, maana kuna mambo mtu hujifunza akiwa maskini akayasahau akishapata jina.

Kitale nilipata jina. Duka langu lilikuwa dogo lakini watu walitoka hadi mlimani kuja kwangu. Na hizi diski za SSD zilipoingia, zile ambazo hazizunguki, ndipo nikaona vituko. Kila mtu aliambiwa na shemeji yake kwamba akiweka SSD kompyuta itapaa. Anainunua, anaiweka, kompyuta inasema haijaona kitu. Mara moja anakuwa nabii: diski ni feki, Simiyu ni mwizi, dunia imeharibika.

Sikilizeni, nitawapa bure jambo ambalo niliwauzia wenzenu. Diski ikikataa kuonekana, kwanza ujue haionekani wapi. Kuna ule ukurasa wa ndani, BIOS, unaotokea kabla kompyuta haijaamka vizuri. Ikiwa huko inaonekana lakini kwenye Windows haipo, diski yako ni nzima. Ni mpya tu na haijaandaliwa, kama shamba ambalo halijapimwa. Kama hata kwenye BIOS haipo, shida iko kwenye mwili: waya umelegea, au haijaingia hadi mwisho, au ni aina ambayo tundu lako halielewi. Zile ndogo nyembamba zinazofanana na kipande cha chokoleti ziko za aina mbili, na ukizitazama kwa haraka ni mapacha. Tazama pengo lililokatwa kwenye yale meno ya dhahabu. Soma kitabu cha mashine yako. Najua hamsomi, lakini mimi nimesema.

Kulikuwa na fundi mmoja Bungoma ambaye kwake kila kitu kilikuwa virusi. Kompyuta haiwaki, virusi. Panya ameguguna waya, virusi. Alipiga dawa ya virusi kwenye kompyuta ambayo plagi yake haikuwa ukutani. Nilimcheka kwa miaka. Wekeni kicheko hicho mahali, tutakirudia.

Sasa nije kwenye stika.

Jamaa mmoja wa Matisi, mtu nadhifu mwenye viatu vinavyong'aa, alinunua diski kwangu. Baada ya muda mrefu akairudisha ikiwa ndani ya nailoni yake, imefungwa vizuri kabisa. Akasema amebadilisha mawazo, hajaiwasha hata siku moja, na Mungu anamwona. Nikaiunganisha mbele yake. Zikatokea picha za harusi ya shemeji yake, na yeye mwenyewe amesimama nyuma ya keki ameshika sahani. Hakuona haya. Aliniambia labda ilitoka kiwandani hivyo.

Siku hiyohiyo nikatengeneza stika nyekundu. Zilikuwa nyembamba, za plastiki, zenye gundi kali, na juu yake niliandika kwa mkono wangu: UKIBANDUA, USIRUDI. Nilizibandika palepale kwenye yale meno ya dhahabu, zikakunjwa zikashika pande zote mbili, kwa sababu mtu hawezi kutumia diski bila kugusa meno. Nikiuza, mteja anaiona stika. Nikimwekea diski dukani, naibandua mbele ya macho yake. Asipotaka niiweke, akabandue kwake, na akishabandua tumeachana. Ilifanya kazi vizuri kiasi kwamba maduka mengine ya Kitale yaliiga hadi mwandiko.

Nyinyi mnaijua nchi yetu. Huku kwetu mtu akinunua televisheni haitoi ile nailoni ya skrini hadi mtoto wa kwanza amalize sekondari. Rimoti inavishwa mfuko na kufungwa raba. Viti vya sebuleni vinavaa plastiki, ukikaa na kaptura unaondoka ukiacha ngozi. Mtu wa namna hiyo ukimwandikia USIBANDUE, au kitu kinachofanana na hicho, umemwandikia amri ya kumi na moja. Hilo nilipaswa kulijua, maana hata rimoti yangu mimi imevaa mfuko.

Wakati huo nilikuwa namfundisha kazi Barasa, mtu mzima mwenye mke, mpole, mwenye mikono mizuri kuliko yangu. Asubuhi moja duka limejaa watu, aliinua kichwa akaniuliza, "Mzee, na kama mtu ataiweka na stika yake? Si haitashika?"

Nikamwambia, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Ni nani mjinga wa kufanya hivyo, Barasa? Labda wewe. Kazi yako ni kubandika, bandika."

Wateja wakacheka. Na mimi nilicheka, nilikuwa na ulimi mtamu sana siku hizo. Barasa akainama akaendelea kubandika.

Nilipostaafu, duka nilimwachia yeye.

Sasa mwaka huu, Ijumaa moja kama saa nne asubuhi, nilikuwa naosha vyombo vya kuku nikaona pikipiki imeingia uani ikiwa na watu wawili nyuma, wote wamejaa vumbi jekundu la mlimani. Mmoja alikuwa mwanamke wa makamo aliyekumbatia begi la laptop kama mtoto mchanga. Huyo ni Madam Chemtai, mwalimu wa shule moja upande wa Kapsokwony, kule juu mlimani. Mwenzake ni Mwalimu Ndiwa, kijana wa kompyuta wa shule hiyo, mwenye kitambulisho kinachoning'inia shingoni hata akiwa juu ya pikipiki.

"Mzee, Barasa wa Kitale ndiye ametutuma kwako," Madam alisema. "Amesema wewe uko karibu kuliko yeye, na wewe ndio mwalimu wake. Tafadhali tusaidie, tuna hadi saa kumi na moja."

Mambo yalikuwa hivi. Wanafunzi wake wa gredi ya tisa, watoto arobaini na wawili, walikuwa wamefanya miradi ya mwaka: viti, vikapu, mashamba madogo ya mboga. Alama zao na picha za kazi zao zilipaswa kupandishwa kwenye tovuti ya mitihani kabla ya saa kumi na moja jioni siku hiyo. Zikikosa, kila mtoto anaandikiwa sufuri. Kila kitu kilikuwa kwenye laptop ya shule, na diski yake ya zamani ilikuwa imeanza kulia kama mlango wenye kutu. Laptop ni mali ya shule, haitoki getini bila barua, na barua ina safari yake ndefu. Kwa hiyo Ndiwa aliichomoa ile diski, mwalimu mwenzao akaipeleka Kitale. Barasa akahamishia kila kitu kwenye SSD mpya. Ile ya zamani ikafa mezani kwake ilipomaliza tu. SSD akaifunga, akaituma mlimani, Ndiwa akaiweka kwenye tundu la zile nyembamba, na kompyuta ikasema haijaona diski.

"Si mpige picha upya?" niliuliza.

"Sukuma wiki tulishakula, mzee," Madam akasema. "Na viti viliuzwa. Hata hapa nimetoroka na laptop bila barua. Nikirudi bila alama, sijui nitawaambia nini wazazi."

Alisema bila kulia, lakini alikuwa ameshika kona ya meza yangu.

Sasa mnitazame vizuri mimi bingwa. Mke wangu, Mama Nekesa, alileta chai. Nikaisukuma kando. Miwani yangu ilikuwa chumbani, na sikutaka kuivaa mbele ya kijana mwenye kitambulisho shingoni. Nikafungua kifuniko cha chini, nikaona kipande cha SSD kimelala mahali pake, na kwenye kichwa chake, pale kinapoingia kwenye tundu, kumechomoza kitu chekundu. Stika yangu. Nilifurahi, jamani. Nilijiona kama mtu aliyekuta jina lake limeandikwa mahali pa heshima.

"Uliisukuma hadi mwisho?" nikamuuliza Ndiwa.

"Hadi mwisho, mzee. Iko tight kidogo lakini nimeingiza. Nimeitoa nikairudisha mara tatu. BIOS haioni kitu. Nimeupdate kila kitu, hata vile havihitaji."

Iko tight kidogo. Mzee Wanyonyi angesikia maneno hayo angeweka kikombe chini. Mimi yalinipita.

Madam Chemtai alikuwa ameinama juu ya mashine. "Na hii kitu nyekundu," akasema, "si inafaa kutoka?"

"Madam, wewe unafundisha somo gani?"

"Kiswahili na dini."

"Basi endelea kutuombea."

Ndiwa akacheka kwa adabu, na mimi nikacheka kwa fahari. Nikamweleza Madam kwamba hiyo ni stika ya dhamana, mali yake inalindwa na hiyo, na waliotangulia kuibandua walijuta. Akarudi nyuma akakaa kwenye benchi.

Saa nne na nusu hadi saa nane nilifanya kila kitu ambacho fundi mwerevu hufanya. Niliingia BIOS nikabadilisha mipangilio, nikairudisha. Nikachomoa betri nikasubiri. Nikampigia Barasa nikamfokea kwamba amewauzia aina isiyofaa, yeye akanijibu polepole kwamba aliulizia aina ya laptop, akaangalia pengo, ni aina sawa, na kwamba kwake ilisoma vizuri kabla hajaifunga. Sikumuuliza aliifunga vipi. Nikasema labda imepigwa na mtikisiko wa pikipiki kule kwenye miteremko. Nikasema labda umeme. Kama ningebaki na nusu saa zaidi ningesema virusi.

Saa nane na nusu nikatoa hukumu. Niliwaambia diski imekufa, niliwahi kuona nyingi za hivyo, waandike barua ya kueleza waombe huruma. Nilitumia ile sauti ya daktari. Madam alifungua begi akatoa karatasi na kalamu, akaandika jina la shule juu, akasimama.

"Watataka namba ya hiyo diski," akasema. "Nisomee, mzee."

Namba hizo ni ndogo kama mayai ya chawa. Nikajifanya natafuta mwanga. Nikainua laptop, nikaishusha. Mama Nekesa, ambaye ameishi nami miaka yote hiyo na hana huruma, akatoka chumbani akaniwekea miwani kwenye mkono mbele ya wote.

"Vaa," akasema. "Na chai irikuwa ya kunywa."

Nikavaa. Nikasoma namba mbili za kwanza, na Madam akaandika. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mzee, nimeomba tangu saa nne," akasema. "Sasa nauliza tena. Hiyo karatasi nyekundu inaingia ndani hadi wapi?"

Nikamtazama, nikatazama stika, na mara hii niliiona. Ilikuwa imeingia ndani ya tundu pamoja na diski, imekunjwa juu na chini. Ndiwa alikuwa ameilainisha kwa ukucha ili isiharibike, kazi safi kabisa. Nikafungua skrubu, nikaivuta diski. Yale meno ya dhahabu yalikuwa yamevikwa plastiki kutoka upande hadi upande, na juu yake mwandiko wangu: UKIBANDUA, USIRUDI.

Kuku mmoja aliingia mlangoni akatoka.

"Mimi niliona imeandikwa," Ndiwa akasema kwa sauti ndogo. "Na mali ni ya serikali."

Nilimpa Madam Chemtai aibandue yeye mwenyewe. Gundi ilibaki kwenye meno, kwa hiyo nikachukua pamba na spiriti ya kusafishia vidonda nikapangusa taratibu, nikasubiri ikauke. Msitumie sabuni, msitumie mate, na msikwaruze kwa kisu. Nimeona yote matatu. Nikairudisha kwa mshazari kama inavyotakiwa, ikaingia bila kukaza, nikailaza, nikafunga skrubu. Nikawasha.

Ikaonekana. Haikuchukua hata dakika. Yakatokea mafaili yote, na picha ya kwanza ilikuwa ya msichana ameshikilia kikapu juu ya kichwa chake, anacheka. Madam alimtaja jina akakaa chini, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Nikawasha hotspot ya simu yangu, mtandao wa Misikhu ukajivuta, picha zikapanda moja baada ya nyingine. Ndiwa alihesabu kwa sauti. Mtoto wa arobaini na wawili alipanda saa kumi na dakika hamsini. Walikunywa chai iliyopoa na kuondoka upesi ili laptop ifike getini kabla mtu hajaiulizia.

Walipoondoka nikampigia Barasa. Nilikuwa nimejiandaa kumfokea, nikitumia neno mjinga mara mbili.

"Barasa, ulipoifunga ile diski uliibandika stika kwenye meno. Waliiweka hivyohivyo. Kwa nini hukuwaambia watoe?"

Akasema, bila hasira, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi, "Mzee, mimi nilikuuliza. Siku ile. Ukasema ni nani mjinga wa kufanya hivyo."

Nilikumbuka duka lote, na vicheko, na kichwa chake kikiinama. Huyu mtu alifanya kazi nami miaka mingi baada ya siku hiyo, na nikitafuta swali lingine aliloniuliza mbele ya watu, silioni. Nilidhani amekomaa. Kumbe nilikuwa nimembandika stika mdomoni.

Nikamwambia pole. Sikuwahi kumwambia neno hilo. Akasema, "Ni sawa, mzee," na akauliza kama kuku wanataga.

Kwa hiyo, vijana, kunyweni chai kabla ya bisibisi, panguseni kwa spiriti, tazameni lile pengo. Mkiuliza fundi akawacheka, mwacheni amalize kucheka, kisha mwulizeni tena lile swali, kama Madam Chemtai. Na nyinyi mkiwa mafundi, mtu akiwauliza, jibuni.

Nilipita Kitale juzi. Barasa bado anatumia stika nyekundu na mwandiko wangu bado uko juu. Chini yake ameongeza mstari mmoja, herufi ndogo sana: Ibandue kabla ya kuiweka, usipoelewa uliza. Niliisoma pale kaunta mbele ya wateja wake wote, nikiwa nimevaa miwani.